Mkwe Katikati ya Daraja

Mimi nina hasira za karibu. Nakiri mapema, ili ukifika mahali nilipomtukana mume wangu mbele ya watu, mvua ikinyesha, usiseme hukuambiwa.

Daraja ninalolisema si lile la barabara kuu ya kwenda Musoma, ambalo kila mtu amelipita. La kwetu liko ndani, ukishaiacha lami ya Magu ukafuata barabara ya vumbi katikati ya majaruba ya mpunga na mashamba ya pamba. Ni la zege, jembamba, gari moja linapita na jingine linasubiri. Halina nguzo hata moja ndani ya maji. Lina tao moja tu, linaanzia kwenye mwamba wa ng'ambo hii, linapanda, linashuka na kukanyaga mwamba wa ng'ambo ile. Nimelipita tangu utotoni na mpaka leo nikilifikia nanyamaza. Watu wa mjini wanalicheka kwa udogo wake. Hao hawajawahi kushuka chini yake.

Mimi nilishushwa na mama. Ilikuwa kiangazi, mto umebaki mchanga na vidimbwi, na tulikuwa tunakwenda kuchota maji kwenye visima vya mchangani. Tulipofika katikati mama akanishika kidevu, akaniinua uso, akasema, "Tazama." Nikatazama. Zege lote la juu lilikuwa limechapwa mistari ya mbao, ubao kwa ubao, na macho ya mbao, na alama za vichwa vya misumari, lakini mbao zenyewe hazikuwepo. Nikauliza zimekwenda wapi. Mama akasema watu walizipikia ugali zamani. Basi mimi nikapiga kelele na kukimbia, ndoo nikaiacha pale pale, maana akili yangu ya kitoto iliniambia kilichokuwa kimelishika daraja kimeshaliwa na watu.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanieleza, na tangu siku hiyo alinieleza mara nyingi, sikuwahi kuchoka.

Alikuwa msichana, hajaolewa, lilipojengwa. Kwanza walijaza mto mzima mirunda na mbao, wakatengeneza tao la mti, ili tao la zege limwagwe juu yake. Fundi mkuu alikuwa mtu wa kuja, mfupi, mpole, kila asubuhi anagonga mbao kwa kidole na kusikiliza kama anayebisha hodi. Mitambo haikuwepo ya maana. Zege lilichanganywa kwa koleo na kupanda juu kwa makarai vichwani mwa wanawake na wasichana. Sharti la fundi lilikuwa moja: ng'ambo zote mbili zimwage pamoja, karai kwa karai, mpaka zikutane juu katikati. Upande mmoja ukizidi, mbao zitalalia upande wa pili na kila kitu kitakwenda mtoni.

Sasa hebu niambie, unawapanga Wasukuma pande mbili za mto, unawapa kazi ileile, halafu unategemea wasishindane? Kwetu hiyo ni ngoma ya mashindano tayari! Kabla ya saa sita wasichana wa ng'ambo ya mama walishatunga wimbo wa kuwasema wa ng'ambo ile kuwa wana vichwa vya mayai, havibebi kitu. Wale nao wakajibu kwa wimbo mbaya zaidi, ambao mama alikataa kuniimbia hadi nilipozaa. Wakaanza kukimbia na makarai. Ng'ambo ya mama ikaiacha ile nyingine mbali, watu wanashangilia, na hakuna aliyekuwa anatazama mbao.

Fundi ndiye aliyeona zimeanza kuinama. Hakupiga kelele. Alipanda mwenyewe mpaka juu kabisa, mahali ambapo pande mbili zilitakiwa kukutana, akakaa juu ya ubao, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule. Akasema yeye hashuki. Kama litaanguka, wamwone. Mama anasema makarai yalishushwa chini pande zote mbili. Kisha wazee wa pande zote mbili wakaitana, wakabadilisha mashindano. Tangu hapo alama zilikuwa za upande unaokwenda sawasawa na mwenzake. Karai la huku likipanda, wa huku wanaimba ubeti na kusimama. La kule linapanda, wa kule wanajibu na kusimama. Zege lilipokutana pale juu, fundi alishuka, akaenda pembeni peke yake akakaa.

Na siku ya kuondoa mbao? Hapo mama hushusha sauti. Waligonga kabari zilizokuwa chini ya mirunda, moja huku, moja kule, taratibu. Ya mwisho ilipotoka, tao lilishuka kidogo sana, unene wa ukucha, kama mtu anayejiweka sawa kwenye kiti. Likakaa. Mama anasema hakuna aliyepiga makofi. Watu walisimama wanautazama ule uwazi uliokuwa chini yake, mahali ambapo jana palijaa miti, na mwanamke mmoja akaanza kulia bila kujua kwa nini. Mimi nikisikia hapo nasisimka mwili mzima, na nimesikia mara mia.

Sasa niingie kwenye ya kwangu.

Niliolewa na Msukuma mwenzangu, fundi wa injini za mitumbwi pale Igogo, mtu wa maneno machache na mikono ya mafuta. Mimi ni fundi cherehani, tunaishi mjini, watoto wetu wanaongea Kiswahili cha Dar es Salaam kama vile Mwanza wametembelea tu. Lakini jambo moja mume wangu hakuliacha kijijini, ni adabu ya ukweni. Kwetu mkwe na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja. Wengi siku hizi wamelegeza. Hawa wawili, wapi!

Kwa miaka ishirini na miwili, tukienda kumsalimia mama, mume wangu anakaa nyuma ya ukuta wa jiko na mama anakaa ndani ya jiko. Mimi nakaa mlangoni kama redio. "Mwambie mama shikamoo." "Mwambie mkwe marahaba, na injini zake hazijambo?" Wanasikiana vizuri kabisa, ukuta wenyewe una nyufa, lakini kila neno lazima lipite kwangu. Wakikutana njiani, mume wangu anachepuka mpaka ndani ya pamba, anageuka mgongo, anasubiri mama apite. Picha ya harusi yetu mama ameitundika sebuleni, upande wa mume wangu ameufunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Mgeni akiingia anadhani niliolewa na kitambaa.

Nilikuwa nawaka. "Hivi ninyi hamchoki?" nilimwambia mama siku moja. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Wewe uliolewa tu. Mimi ndiye niliyepata mkwe." Sikuelewa, nikabeza.

Masika haya yaliyopita nilikwenda kwa mama peke yangu, kwa sababu kwenye simu alikuwa anasema nusu sentensi halafu anapumzika. Nilimkuta miguu imevimba mpaka magotini na analala amekaa, maana akilala chali pumzi inakata. Mvua ilipiga siku mbili mfululizo. Asubuhi ya tatu nikampeleka zahanati, muuguzi akamsikiliza kifua, akaniita pembeni. Akasema moyo umezidiwa, maji yamejaa kifuani, sindano ya pale ni ya kumpa masaa tu. Afikishwe hospitali kubwa Mwanza leo. "Ukisema kesho," akasema, "utakuwa unasema jambo jingine."

Nikampigia mume wangu. Aliazima pikapu ya jirani ya kubebea dagaa, akaja mbio. Alipofika darajani akanipigia: magari hayavuki. Mto ulikuwa umekula udongo wa barabara upande wake, umebaki upenyo wa watu wa miguu tu, na mlinzi wa barabara amefunga utepe. Mlinzi anasema baada ya muda mfupi hata wa miguu atawazuia.

Nilikodi kijana wa pikipiki, tukamkalisha mama katikati, mimi nyuma nikimshika, tukaenda. Tulipofika darajani maji yalishaanza kukatisha barabara nyuma yetu. Kijana wa pikipiki akatushusha, akaniomba radhi mara tatu, akageuza haraka ili asikwame. Tukabaki wawili. Daraja mbele, maji nyuma.

Jamani, ule mto! Nilikuwa sijawahi kuuona vile. Maji yalikuwa mekundu, mazito, yamepanda mpaka yanalamba mabega ya tao. Magogo yalikuja na mizizi yake, na paa la banda la mtu, na ng'ombe mfu amegeuza miguu juu, na vyote hivyo vilizama chini ya daraja na kuibukia upande wa pili. Mngurumo wake ulikuwa unaingilia kwenye nyayo. Niliweka kiganja kwenye ukingo wa zege, nikasikia linatetemeka, tetemeko dogo lisilokatika. Na bado limesimama. Mto wote ule unalisukuma, na lenyewe limekaa palepale wasichana walipoliweka kwa vichwa vyao. Nilisahau hofu yangu kwa sekunde kadhaa, nikabaki nimeduwaa mdomo wazi, mvua inaniingia kinywani.

"Twende," mama akasema.

Nikamweka mgongoni. Mimi si mdogo, namshukuru Mungu, nakula, lakini mama naye alikuwa amejaa maji, na daraja la tao lina mlima. Nilihesabu hatua kumi, nikapumzika, kumi nyingine, nikapumzika. Tulipofika katikati, pale juu kabisa, magoti yangu yakakataa. Hayakuuma hata, yalikataa tu. Nikakaa chini juu ya zege na mama mapajani mwangu, pumzi yake inapiga filimbi, midomo imekuwa ya bluu. Nikajua kama tutabaki pale mama atafia mikononi mwangu katikati ya mto.

Nikamwona mume wangu kwenye utepe. Mlinzi, mtu wa makamo mwenye mguu mmoja mbovu, alikuwa anapuliza filimbi na kumvuta shati, anamwambia asivuke. Mume wangu akajinasua, akaruka utepe, akaja anakimbia. Moyo wangu ukafunguka. Akaja, akaja, akafika hatua kama kumi kutoka tulipokaa.

Akasimama. Akageuka. Akatupa mgongo.

Loo! Nilihisi kichwa kinapasuka. Miaka ishirini na miwili ya kuchepuka kwenye pamba, na miguu yake ilikuwa imegeuka yenyewe! Amemwona mama mkwe njiani, amempisha! Nikapiga kelele kuushinda mto. "Wewe mwanaume una akili kweli? Mama yangu anakufa hapa, wewe unaleta ukwe! Huna haya? Mgongo wako nitaufanyia nini mimi?" Nikasema na mengine ambayo siyaandiki, mlinzi aliyasikia, na mpaka leo akiniona Magu ananisalimia kwa uangalifu.

Mume wangu alibaki vile, mabega yamepanda, maji yanamtiririka. Kisha akasema bila kugeuka, kwa sauti kubwa lakini yenye adabu yake ileile ya nyuma ya jiko, "Mwambie mama ninakuja."

Akaanza kurudi kinyumenyume. Hatua moja, anapapasa kwa kisigino, hatua nyingine. Juu ya daraja jembamba linalotetemeka, mvua usoni, mto chini, haoni anakokwenda. Mkono mmoja ameuburuza kwenye ukingo. Matusi yakaniishia mdomoni. Alikuja mpaka kisigino chake kikagusa kitenge changu, akachuchumaa, mgongo umetugeukia, mikono ameinyoosha nyuma.

"Mwambie mama apande," akasema.

Mama alikuwa ananisikia na anamsikia, yuko mapajani mwangu, lakini mimi, na ukali wangu wote, nikamwinamia nikasema, "Mayu, mkwe anasema upande."

Mama akautazama ule mgongo. Nami nilimwona anavyoutazama. Alikuwa hana pumzi ya kutosha hata kulia, na bado alikuwa anapima. Kumgusa mkwe! Kumpanda! Kwa mwanamke wa rika lake afadhali mto. Nikaanza kumsihi, akaninyamazisha kwa kidole. Akavuta kitenge cha juu alichokuwa amejifunga, taratibu, akakitandaza juu ya mgongo wa mume wangu, akakinyoosha kwa viganja pande zote mpaka shati lisionekane. Ndipo akajilaza juu yake.

Nikamfunga mbeleko. Nilichukua khanga yangu, nikaizungusha makalioni mwa mama na kukaza fundo kifuani mwa mume wangu, kama mtoto anavyofungwa. Kichwa cha mama kikalala kati ya mabega yake, sikio upande wa moyo.

Akanyanyuka, akaenda. Mimi nikafuata nimeshika ncha ya kitenge. Tulipokuwa tunateremka upande wa pili, gogo likaja likagonga tao. Sijui niseme nini kuhusu ule mgongo wa zege nilioukanyaga. Ulipokea. Nilisikia pigo likiingia chini yetu, likapita pande zote mbili kuelekea kwenye miamba, likaisha. Mume wangu aliganda palepale, hawezi kunyanyua mguu.

Ndipo mama akasema. Hakusema "mwambie." Alisema kwa nusu pumzi aliyokuwa nayo, karibu na sikio lake, "Tembea, mwanangu."

Akatembea.

Ndani ya pikapu nilikaa katikati yao na kushika kitenge kimesimama kama pazia, kutoka Magu mpaka Mwanza, mkono ukafa ganzi. Gari linanuka dagaa, mimi nalia na kucheka. Hospitali walimpokea kwenye kiti cha magurudumu, wakamtoa maji mengi, daktari akasema tungechelewa mpaka jioni asingepokea mtu hai. Daraja halikuanguka. Wahandisi waliokwenda kulikagua walisema kilichokatika ni udongo wa barabara tu, zege halina hata ufa mpya. Sasa wamechimba mashimo ya kupima ardhi pembeni yake, wanasema litakuja jingine pana la nguzo nne. Lije tu, watu wavuke. Mimi kwenye lile la zamani nitaendelea kunyamaza.

Siku ya nne mama alipata pumzi ya kuongea sentensi nzima. Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, mchana. Mume wangu alikuwa amekaa nje kwenye benchi, chini ya dirisha la wodi, mgongo ukutani, na chupa ya uji wa mama miguuni. Nilishapeleka salamu zake na kurudisha za mama, bila kugomba, kazi yangu ya redio.

Mama akanivuta mkono niiname.

"Ule moyo wake," akanong'ona. "Nilikuwa nausikia. Ulikuwa unapiga kwa nguvu, nikasema huyu anaogopa kuliko mimi. Na anakwenda. Anaogopa, na anakwenda." Akapumzika kidogo. "Moyo wake naujua sasa. Uso wake ukoje?"

Nilidhani nimesikia vibaya. "Mayu, yuko hapo nje. Nimwite?"

"Usithubutu!" akasema, na alikuwa amekasirika kweli, nikaona nilikotoa hasira zangu. Kisha akafumba macho, akajiegemeza vizuri kwenye mto wa kitanda. "Wewe nieleze tu."

Nikafungua kinywa nikakuta sijui nianzie wapi. Mtu ninayelala naye miaka yote hii! Ilibidi nimwite kichwani, nimtazame upya, kipande kwa kipande. Nikaanza na nyusi, kwamba ni nzito na zinakaribia kukutana, nikaja kwenye macho. Niliongea kwa sauti ya juu kidogo, ili na aliyekaa chini ya dirisha asikie.